Mto wa Sufi

Ilipotutupa shimoni, kule njia ya Kinango,
nilisikia nyuma mlio kama wa mfupa.
Nzaro, ramani magotini, akasema tu: "Imekwisha hiyo."
Tukaburura mkia hadi Likoni kwa mwendo wa jongoo,
tukavuka feri gurudumu moja likila bodi,
watu wakitusogelea, wengine pole, wengine kicheko.

Fundi Shebwana wa Shimanzi hakucheka.
Aliingia chini kwa mgongo, juu ya katoni,
mguu mmoja nje, kandambili ikining'inia,
akakaa humo hadi chai yake ikapoa.
"Ekseli imepinda. Springi zimechoka.
Na hapa ilipokuwa imeshika shokamzoba
bati limechanika kama bahasha."
Kisha, akijifuta mikono:
"Babako alikwenda nayo sokoni.
Wewe unakwenda nayo vitani.
Gari haijaambiwa."

Wiki tatu.
Majani ya springi tuliyatoa kwa lori lililokufa kando ya reli,
kutu juu, ndani chuma cha buluu.
Kalume akayakata, akayapinda kwa nyundo, baridi,
maana moto Shebwana aliukataa:
"Ukikichoma kinasahau kazi yake."
Manne yakawa sita.
Ekseli ikavishwa bamba la milimita nne,
ikachomelewa kidogo huku, kidogo kule,
isije ikajikunja kama samaki kikaangoni.
Bolti za zamani, nyembamba kama kidole cha bibi harusi,
zilikwenda kwenye kopo la misumari.
Na ule mkanda wa kufungia mizigo, Kalume alioupata Kilindini
(sikuuliza aliupataje),
ukafungwa chini, kuishika ekseli isining'inie mno
gari inapokuwa hewani.

Tukaketi watatu juu ya buti. Haikushuka hata nusu kidole.
Shebwana akaguna.
Mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.

Usiku tukaijaribu nyuma ya Miritini, kwenye vumbi la malori.
Ikaruka, ikatua mara moja, haikurudia.
Nzaro akapiga ukelele wa mtu aliyelipwa deni.

Jumatatu mama alikuwa na kliniki.
Nikamkalisha nyuma, na buibui lake, na bahasha ya eksirei.
Majengo hadi Makadara, dakika kumi.
Sijapata kuona mji huu una matuta mengi hivyo.
Nilikuwa nayapanda kwa ubavu, gurudumu moja moja, pole pole,
na kila tuta kiooni naona midomo yake
ikimtaja Mungu.

Hakulalamika. Hiyo ndiyo tabu yake.
Aliposhuka alilishika paa, akavuta pumzi, akasema:
"Gari hini, babako yu hai, ikinibeba.
Sasa yanirusha.
Mongo wangu, mwanangu, si ndia ya Kinango."

Jioni nililala chini ya gari na spana ya kumi na saba.
Nilikuwa nimempigia Shebwana.
"Toa mawili ukitaka," alisema,
"Jumamosi utarudi ukivutwa kwa kamba."
Nilifungua nati moja.
Oili ya dif ilinidondokea shavuni.
Nikaifunga tena.

Asubuhi nikaenda Mwembe Tayari kununua mto.
"Wa kulalia?" akauliza mwenye duka.
"Wa kukalia."
"Mgonjwa?"
"Gari," nikasema,
naye akanitazama, akaongeza sufi,
akaishindilia kwa ngumi, hakunitoza zaidi.

Jumamosi, Mariakani, kabla jua halijawa kali,
tulisahau kuutoa.
Nzaro ananitajia kona, kushoto, kushoto kali, korongo,
nami nakanyaga, na nyuma imeshika, imeshika kweli,
na kila tulipokuwa hewani nilisikia kitu chepesi
kikiinuka kiti cha nyuma, kikatua,
kikainuka,
kikatua,
bila neno.